Siku Kasuku Aliposema Mapema

Kila asubuhi fundi wa makochi alifungua karakana yake, akafagia vipande vya sponji, akaanza kazi. Yeye alipigilia vitambaa kwenye fremu. Binti yake alishona foronya za mito kwenye cherehani karibu na mlango. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Kasuku. Tangu utotoni alikuwa na maneno mengi na masihara, na wateja walimpenda.

Lakini sasa cherehani ilikuwa kimya. Kasuku alichelewa kufika, macho yamemvimba. Alishona foronya, akaifumua, akaishona tena. Chakula alikionja tu.

"Mwanangu, unaumwa?" baba yake aliuliza.

"Hapana, baba. Nimechoka tu."

"Umechoka na nini? Jikaze kidogo."

Kasuku aliinamia cherehani, akaanza kufumua mshono mwingine.

Hali hiyo haikuwa ngeni. Kasuku alipokuwa na miaka kumi na mitano, alijifungia chumbani karibu muhula mzima. Alama zake zilishuka, marafiki wakaacha kuja. Nyumbani walisema ni mambo ya kukua, yatapita. Kweli yakapita. Alipomaliza shule, yakarudi. Mara hiyo walisema ni mambo ya mapenzi. Yakapita tena. Sasa Kasuku alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na baba yake hakuwa na jina jingine la kuyapa.

Mchana mmoja, wakivuta kitambaa pamoja huku fundi akikipigilia, Kasuku alisema kwa sauti ya chini, "Baba, siku hizi nikilala natamani nisiamke."

Nyundo ilibaki hewani. Fundi aliiweka chini taratibu. Alifunga karakana, akamshika binti yake mkono, wakaenda kwa jirani yao muuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

Muuguzi alikuwa akianua nguo. Aliwakaribisha ndani, akasikiliza bila kukatiza. Kisha akamgeukia Kasuku.

"Mdogo wangu, nakuuliza waziwazi. Umewahi kufikiria kujiua?"

Fundi alishtuka. "Dada, si utamtia wazo hilo kichwani?"

"Hapana, fundi. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Kunampa nafasi ya kutua mzigo."

Kasuku akaanza kulia. "Nimefikiria. Sijapanga lolote, lakini mawazo yanakuja yenyewe."

"Asante kwa kuniambia. Hutabaki peke yako. Twende hospitali leo hii." Muuguzi akamtazama fundi. "Huyu si mvivu, wala hajalaaniwa. Nadhani ana ugonjwa unaoitwa sonona. Mara nyingi huanza umri wa kubalehe. Wengine huugua mara moja tu. Wengine hupata nafuu, kisha unawarudia wakishakuwa watu wazima, hasa usipotibiwa."

"Kwa hiyo ule wa shuleni ni huu huu?"

"Huenda. Daktari atatuambia."

"Nami namwambia ajikaze."

"Mwenye homa ungemwambia ajikaze ipoe?" muuguzi aliuliza kwa upole. "Hukujua. Sasa umejua."

Daktari alithibitisha kwamba ni sonona. Alimpa Kasuku vidonge, akampangia kuzungumza na mshauri kila wiki. Aliwaonya kwamba vidonge huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Fundi alifungia kabatini visu vyote vya karakana, na siku zile za mwanzo hakumwacha binti yake peke yake.

Nafuu ilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Kwanza usingizi, kisha hamu ya kula. Siku moja mteja mmoja mzee alilalamika kwamba kochi lake linalia kila akilikalia.

"Linakuamkia, mzee," Kasuku alisema. "Liitikie."

Fundi alicheka hadi misumari aliyokuwa ameibana kwa midomo akipigilia ikamtoka.

Alipojiona mzima, Kasuku alitaka kutupa vidonge. Muuguzi alimkataza.

"Usiache kwa kujiamulia. Mtu hujisikia vizuri kabla hajapona sawasawa. Wakati ukifika, daktari atapunguza polepole. Na uzijue dalili zako."

"Zangu nazijua, dada. Usingizi unapotea, halafu nawakimbia watu."

Mwaka uliofuata daktari alimwachisha dawa kidogo kidogo. Mambo yakawa shwari kwa muda mrefu. Kisha asubuhi moja, kazi zikiwa zimerundikana, Kasuku alisimama mbele ya baba yake.

"Baba, naona inarudi. Wiki hii silali vizuri, na jana nimemkwepa rafiki yangu."

Fundi aliweka nyundo chini. Kochi la mteja lilikuwa limevuliwa kitambaa, na mwenyewe alilitaka jioni ile. Fundi akachukua simu.

"Kochi lako litakuwa tayari kesho," alimwambia mteja. "Leo nampeleka mwanangu hospitali."

Mara hii Kasuku hakujifungia. Alianza matibabu mapema, akapunguza saa za kazi, na rafiki yake akawa anakuja kutembea naye jioni. Siku mbaya zilikuwepo, lakini hazikummeza. Baada ya wiki chache alikuwa akishona kama kawaida.

"Itarudi tena?" baba yake alimuuliza.

"Huenda. Ikirudi nitakwambia siku hiyo hiyo."

"Sawa, mama. Haya, nishikie upande huo."

Wakavuta kitambaa, kila mmoja upande wake, mpaka kikanyooka.