Aibu ya Kukojoa Ziwani

Asubuhi hiyo, jamani, Kashikishi, kando ya ziwa Mweru upande wa Zambia, ilikuwa imetulia. Chisense, dagaa wa ziwa letu, walikwisha kuanikwa, na akina mama walipiga soga wakingoja wanunuzi. Yolande, mchuuzi wa kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, akavua viatu vilivyombana. Akabonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki.

"Yolande, biashara inaenda muzuri," rafiki yake Chouchou akamtania. "Hata miguu inanenepa."

Yolande akacheka nao, lakini alijua ana ugonjwa wa moyo. Zahanati ilikuwa imempa dawa ya kutoa maji mwilini, naye akaiacha. Dawa hiyo humkojoza mtu, na kuvuka Mweru ni safari ndefu katikati ya wanaume. Aliwahi kumwomba Lloyd, mwenye boti, azime injini kidogo apate kujisaidia.

"Awe, ba mayo, hapana mama," Lloyd akakataa. "Boti haiko choo."

Abiria wakaangua kicheko, watu wazima wenye mama zao. Tangu hapo Yolande akawa hanywi dawa siku ya safari, kisha ikawa hanywi kabisa. Maji nayo hayana subira. Yalianza miguuni, yakapanda, na wiki ile ile aliyotaniwa na Chouchou, pumzi ikamkatikia botini. Alibebwa kama gunia mpaka zahanati.

Alipopata nafuu, muuguzi Ireen akamuuliza kwa Kiswahili cha sokoni, "Mama, juu ya nini uliacha dawa?"

"Nasikia haya. Batu banacheka."

"Benye kucheka batakuya ku matanga yako, batakula bukari, bataenda kwabo. Dawa, kunywa kila asubuhi. Chumvi, punguza. Ukikaa, inua miguu. Na saa ya dawa ikikusumbua, kuya uniulize, usikate mwenyewe."

Maneno yale yalimkasirisha, na hasira ikamfaa. Siku ya kurudi alifika bandarini na beseni na kitenge kipana, akameza kidonge mbele ya wote.

"Lloyd, mukojo ikinikamata, nitakojoa humu mu beseni. Mwenye macho aangalie ziwa."

"Ba mayo, batu batacheka."

"Bacheke. Miye nataka kupumua."

Katikati ya ziwa akachuchumaa kweli. Kijana mmoja akaanza kucheka. Chouchou akainuka, akashika kitenge upande mmoja, mama mwingine akashika upande wa pili. Lloyd mwenyewe akageuza uso.

Yolande alipomaliza, Chouchou akanyoosha mkono. "Nipe na miye beseni. Tangu asubuhi sikunywe hata maji, juu ya hii haya."

FUNZO

Miguu iliyovimba si unene wala si utajiri. Ukibonyeza shimo likabaki, nenda ukapimwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, nenda mbio, usingoje soko liishe. Dawa uliyopewa usiiache kwa sababu ya macho ya watu. Nanyi mnaocheka, mkojo wa mama mgonjwa unawapunguzia nini? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nasema mficha mkojo hufa, na waliomcheka hula matangani kwake.