Boneti ya Gari la Mama

"Nani alikuruhusu kukata boneti?"

Tressa aliuliza kabla hata hajatua begi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la gari, koti bado mwilini, ametoka Fort Wayne kumsaidia dada yake Marcy aliyejifungua. Mumewe, Garth, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Karibu nyumbani," Garth alisema.

"Nimekuuliza swali."

Kati yao lilikaa gari la marehemu mama yake Tressa, Chevelle nyekundu ya mwaka 1970, aliyoinunua kwa jasho lake kiwandani hapa Muncie. Sasa boneti ilikuwa na tundu katikati. Kwenye tundu hilo ilichomoza manifoldi ndefu ya mashindano, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ile ambayo wenyewe huiita 'tunnel ram', na juu yake kabureta mbili zimekaa kama masufuria mawili jikoni.

"Manifoldi ni ile ya mama yako," Garth alisema. "Aliinunua, akaiweka chini ya meza, akafa hajaifunga. Ulisema unatamani angeisikia ikinguruma."

"Nilisema natamani. Sikusema chukua msumeno."

"Hukusema, kweli."

"Na hiki si kitu cha barabarani. Kwenye mataa litakohoa kama mzee wa sigara."

"Nimebadilisha gia za ekseli ya nyuma. Litakohoa kidogo tu."

"Mpaka gia. Uliona sipo, ukajimilikisha."

"Sijaliendesha hata mara moja, Tressa."

"Usinidanganye. Marcy kanionyesha picha aliyotumiwa na mtu wa huku, liko mbele ya karakana ya kuchomelea."

"Lilipelekwa kwa trela."

Tressa akacheka, kile kicheko kisicho na furaha.

"Wewe ni mrefu kama nguzo. Mimi nakufika kifuani. Nikikaa pale nitaona nini mbele? Kabureta. Umejitengenezea gari nisiloweza kuendesha mimi."

Garth akafungua mdomo.

"Nyamaza. Sijamaliza."

Akaufunga.

Simu ya Tressa ikalia. Ujumbe wa Marcy: *"Umefika? Usimpige mtu."*

Akajibu: *"Narudi kwako, na gari la mama. Yeye abaki na msumeno wake."*

*"Njoo. Ila kula kwanza, nusu ya hasira zako ni njaa."*

"Nipe ufunguo," Tressa alisema.

Garth akampa. "Limejaa mafuta. Na upepo wa tairi nimepima."

"Sikuuliza tairi." Akafungua mlango, akapapasa kitini. "Mto wa mama ninaokalia nione mbele uko wapi?"

"Nimeuweka ndani. Hauhitajiki tena."

"Hata mto, Garth."

Akaingia, akawasha, akakanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikakohoa, ikapiga chafya kupitia kabureta, ikazimika.

Garth akainama dirishani. "Usikanyage. Bado ya baridi. Washa, uiache ipate joto taratibu, la sivyo itakuzimikia kona ya kwanza."

Ikabidi atii. Pamoja na hasira zote zile, akakaa akisubiri injini ipate joto. Hakutaka kumtazama mumewe, akatazama mbele.

Akaiona barabara.

Aliiona yote, juu ya zile kabureta: sanduku la barua la jirani, mpaka bango la kona. Akapeleka mkono chini ya kiti. Kilikuwa kimeinuliwa kwa miguu ya chuma, kikasogezwa mbele, kikachomelewa pale pale. Pedali zilimkaa vizuri chini ya kiatu.

"Garth."

"Naam."

Akashuka, injini ikiunguruma. "Kaa hapa."

"Sienei."

"Nimesema kaa."

Garth akajaribu. Goti likakwama kwenye usukani, kichwa kikagusa paa, mguu mmoja ukabaki nje kama wa kuku kapuni. Tressa akauma mdomo asicheke.

"Kwa hiyo kweli hukuliendesha."

"Nilikuambia."

"Ungeanza na kiti, mjinga wewe."

"Wewe ulianza na boneti." Garth akajichomoa, akasimama mbele yake. "Na ulikuwa na haki. Ilikuwa ya mama yako na sikukuuliza. Nilikosa."

Tressa akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu la boneti. Injini ilikuwa imeacha kukohoa.

"Kipande ulichokata umekitupa?"

"Nilishindwa. Nimekifunga kwenye taulo, kiko juu ya kabati letu."

Tressa akageuka upande, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akaandika: *"Siji leo."*

*"Na mimi nilishabandika sufuria,"* Marcy akajibu. *"Haya. Msalimie."*

"Panda," Tressa akamwambia mumewe. "Upande wa abiria."

"Tunaenda wapi?"

"Kula. Na usiniongeleshe mpaka tufike. Boneti bado sijakusamehe."

Garth akapanda, akafunga mkanda, akanyamaza kama alivyoambiwa. Walipoingia barabara kubwa Tressa akakanyaga, na manifoldi ya mama ikanguruma mpaka vioo vikatetemeka.

"Angeipenda," Tressa alisema.

Garth akaitikia kwa kichwa tu. Walikuwa hawajafika.