Nyumba Kwenye Udongo Mweusi

Dafroza alipomaliza kumwogesha mtoto, aliyamwaga maji kwa uangalifu. Ua ulikuwa mdogo na wapangaji walikuwa wanne. Kila mmoja alipika mbele ya mlango wake. Ukimwaga maji ovyo, unazima moto wa mwenzako.

Dafroza, mumewe Apolinary na binti yao Mbuke waliishi katika chumba kimoja huko Manyamanyama, mjini Bunda. Apolinary alikuwa mpima pamba katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Dafroza alikuwa fundi cherehani. Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 1988. Ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni na khanga ilikuwa imepita. Vitambaa vilikuwa vimerudi madukani, na watu walimletea Dafroza kazi nyingi. Lakini chumba kilikuwa kilekile, na Dafroza alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Baba yake Apolinary, Mzee Masatu wa Suguti, aliwahurumia. Aliuza ng'ombe wake sita ili wapate kununua nyumba.

"Ng'ombe hawa sitawapata tena," aliwaambia. "Chagueni vizuri."

Alhamisi jioni, Apolinary alirudi kutoka kazini akiwa na furaha. Mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba. Alitoa bonge la udongo mweusi, akaliweka juu ya cherehani.

"Mama Mbuke, nimepata nyumba!"

"Hiyo ndiyo nyumba?" aliuliza Dafroza. "Mbona inaingia mfukoni?"

"Usinicheke. Angalia huu udongo. Ni mbuga tupu!"

Mbuga ni udongo mweusi na mzito. Pamba huupenda. Kule Suguti, ndugu hugombana kwa ajili ya shamba la udongo kama huo.

"Nyumba iko Bondeni," Apolinary aliendelea. "Ina vyumba vitatu. Ina bati. Imepakwa chokaa, inang'aa. Nyuma kuna nafasi ya kupanda maharage. Nimemwambia mwenyewe, Mzee Bernado, kwamba tutamlipa Jumamosi. Kuna mfanyabiashara wa vitambaa anaitaka pia."

"Maji tutateka wapi?"

"Kisima kiko hapohapo. Hatua kumi tu kutoka mlangoni."

"Na wakati wa mvua pakoje?"

"Mama Mbuke, unauliza kama polisi. Mimi nimezaliwa Suguti. Mtu atanidanganyaje kuhusu udongo?"

Dafroza hakubishana naye. Lakini kesho yake asubuhi alimshika Mbuke mkono, akaenda Bondeni kuiona nyumba kwa macho yake.

Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Kuta zilikuwa nyeupe na madirisha yalikuwa makubwa. Ardhi ilikuwa imekauka na kupasuka, kama kawaida ya mbuga wakati wa jua. Lakini Dafroza aliona jambo moja la ajabu. Vyoo vyote vya mtaa ule vilijengwa juu ya vichuguu vya udongo. Mtu alipanda mawe matatu au manne kabla ya kuufikia mlango wa choo.

Kisimani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akiteka maji. Jina lake lilikuwa Wankyo. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya tatu.

"Habari za hapa, dada?" Dafroza alimsalimu.

"Nzuri. Unamtafuta nani?"

"Tunataka kuinunua ile nyumba nyeupe."

"Ni nyumba nzuri," alisema Wankyo. Kisha akaongeza, "Wakati wa jua."

"Na hivi vyoo, mbona viko juu namna hii? Mnaenda chooni au mnaenda mbinguni?"

Wankyo alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Tunavipandishaga makusudi, dada. Mwezi wa nne, usipokipandisha choo, kinakuja chenyewe kukusalimia mlangoni. Mwaka juzi maji yalitufika magotini. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka kwenye ukuta wa nyumba nyeupe. Alipitisha kidole kwenye chokaa, usawa wa goti. Chini ya chokaa kulikuwa na mstari mrefu. Maji yalikuwa yamesimama pale siku nyingi. Wankyo alikwangua kidogo pembeni ya dirisha. Udongo mkavu ulidondoka, na ufa ukaonekana. Kidole cha Dafroza kiliingia chote.

"Na kisima?" aliuliza Dafroza kwa sauti ndogo.

"Kisima kinapokea kila kinachopita. Watoto wetu wanaharaga kila masika. Mmoja wa kwangu..." Wankyo hakumaliza. Alifuta mkono wake kwenye khanga. "Sasa hivi tunachemsha maji, hata tukiwa na haraka."

"Pole sana, dada. Kwa nini hamhami?"

"Kodi ya hapa ni ndogo. Halafu sisi tunapanga tu. Siku tukipata pengine, tunafunga godoro tunaondoka. Wewe unanunua. Utaifunga nyumba kwa kamba?"

Jioni Dafroza alimweleza mumewe yote. Apolinary alikasirika.

"Wanawake wa kisimani wanajua nini kuhusu nyumba?"

"Wanajua maji yanafika wapi. Yanawafika wao kila mwaka."

"Nimekwisha toa neno langu kwa Mzee Bernado. Baba naye nimempelekea habari kwamba tumepata mbuga. Amefurahi sana. Sasa nimwambie nini?"

Dafroza alikaa kitandani taratibu, akashika tumbo lake.

"Baba Mbuke, huyu atazaliwa mwezi wa kumi na mbili. Masika yakija, atakuwa na miezi minne. Mimi sina haja ya kushindana na wewe. Kesho, kabla ya kulipa, twende kwa bwana afya. Akisema Bondeni ni pazuri, nitabeba godoro mimi mwenyewe, na tumbo hili."

Apolinary alitazama pembeni ili kuficha kicheko.

"Haya. Twende," alisema.

Bwana afya wa kata aliitwa Nathanieli. Alikuwa mtu mpole, tena mwenye subira. Aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. Kisha alichukua makopo mawili ya maziwa, akayatoboa matundu chini kwa msumari. Kopo la kwanza alilijaza udongo wa mbuga, na la pili alilijaza changarawe. Akamwaga kikombe cha maji katika kila kopo.

Maji yalipita haraka katika changarawe, yakatoka chini. Kwenye mbuga yalisimama juu. Walisubiri. Mzee mmoja alikuja, akauliza habari ya chanjo, akaondoka. Maji yalikuwa bado yamesimama.

"Shemeji, wewe ni mtoto wa mkulima," Nathanieli alimwambia Apolinary. "Kwa nini pamba inaupenda udongo huu?"

"Kwa sababu unatunza maji. Hata jua likiwaka, chini kunakuwa na unyevu."

"Umejibu vizuri kuliko mimi. Sasa niambie. Nyumba inataka kutunziwa maji?"

Apolinary aliinama, akayatazama tena maji yaliyosimama.

"Mbuga ikilowa huvimba," Nathanieli alieleza. "Ikikauka hunywea na kupasuka. Nyumba iliyo juu yake husukumwa na kuachwa, mwaka hadi mwaka. Hapo kuta hupasuka. Unaweza kujenga msingi mrefu wa mawe na saruji, lakini gharama yake unaijua. Shida kubwa zaidi ni choo. Shimo likijaa maji ya mvua, uchafu hutoka na kuingia kisimani. Kisima kinatakiwa kiwe mbali na choo, angalau hatua thelathini. Tena choo kiwe upande wa chini, kisima upande wa juu. Pale Bondeni kila kitu kiko pamoja."

"Kwa hiyo Mzee Bernado alitaka kuniibia!" alisema Apolinary.

"Sijui. Kamwulize."

Walimkuta Mzee Bernado amekaa mlangoni pa ile nyumba nyeupe, akiwasubiri. Apolinary alimweleza waliyoyasikia. Mzee hakukataa hata neno moja.

"Kijana, ulipokuja ulichota udongo," alisema. "Ukaniuliza kama maharage yanastawi hapa. Nikakujibu kwamba yanastawi sana. Nilidanganya?"

"Hapana, mzee."

"Hukuniuliza habari za mvua."

Apolinary alitaka kukasirika, lakini hakupata pa kuanzia. Alisimama akiutazama ule mstari chini ya chokaa. Mwishowe alisema, "Nisamehe, mzee. Nilitoa neno haraka. Nyumba hii hatutaichukua."

"Basi ataichukua mwenye vitambaa."

"Umwambie naye habari za mvua."

"Akiuliza, nitamwambia," alijibu Mzee Bernado.

Mbuke, waliyekuwa wamekwenda naye, alichoka njiani. Walipokaribia nyumbani Apolinary alimbeba mgongoni.

"Mimi nilikuwa natafuta shamba," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unatafuta nyumba."

Tangu siku hiyo walitafuta pamoja. Walikataa nyumba moja kwa sababu ilikuwa karibu mno na kilabu cha pombe. Walikataa nyingine baada ya balozi wa nyumba kumi kuwaambia kwamba ndugu wawili wanaigombania. Mwezi wa tisa waliona nyumba ndogo huko Nyasura, mahali palipoinuka. Ilikuwa na vyumba viwili. Haikupigwa lipu, na chumba kimoja hakikuwa na mlango. Ardhi yake ilikuwa changarawe.

Safari hii hawakutoa neno haraka. Walikwenda asubuhi, wakaona watoto wa mtaa wanapita njia gani kwenda shule. Walikwenda mchana, Dafroza akabeba ndoo yenye maji kutoka bombani hadi mlangoni, apime umbali kwa mgongo wake mwenyewe. Aliona kwamba angeweza, ingawa alipumzika mara moja. Walihesabu hatua kutoka chooni hadi kisima cha jirani. Walitembea hadi zahanati. Waliwauliza majirani watatu, kila mmoja peke yake. Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, Apolinary alijifunika gunia, akaenda kusimama uani kwa muuzaji.

"Umekuja kuoga?" muuzaji alimwuliza kutoka dirishani.

"Nimekuja kuangalia maji yanaelekea wapi," alijibu Apolinary.

Alirudi nyumbani amelowa, akitabasamu.

Mkataba uliandikwa mbele ya balozi na mashahidi. Kabla ya kutia sahihi, Dafroza aliusoma mstari kwa mstari, akifuata maneno kwa kidole. Watu walingoja.

"Mpaka wa upande wa barabara haukuandikwa," alisema.

Balozi aliusoma tena. Ilikuwa kweli. Mpaka ukaandikwa. Kisha mume na mke wote wawili wakaandika majina yao.

Mzee Masatu alipokuja kuitazama nyumba, alichokoa changarawe kwa ncha ya fimbo yake.

"Mwanangu, hapa hata muhogo utalia."

"Baba, muhogo tutalima Suguti," alisema Apolinary. "Hapa tunalala."

Mzee aliingia ndani, akagonga kuta zote. Akatoka, akaomba maji ya kunywa. Dafroza alimpa maji yaliyochemshwa, na mzee akajua kwamba wajukuu wake watatunzwa vizuri hapa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na mbili. Walimwita Clementi. Katika miezi iliyofuata, Apolinary alichimba mfereji nyuma ya nyumba, akapiga lipu kuta za nje.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne, mvua ikiwa bado inanyesha, Wankyo wa Bondeni, ambaye Dafroza alikuwa amemwelekeza nyumba yao, alifika Nyasura na watoto wake wawili. Alikuwa amebeba sufuria kichwani. Miguu yake ilikuwa myeusi kwa tope hadi magotini.

"Dada, naomba kupikia kwako," alisema. "Jiko langu linaogelea."

"Karibu, ingieni wote."

Wankyo alisimama mlangoni akitazama. Sakafu ilikuwa kavu. Clementi alikuwa amelala kwenye mkeka, mnene na mwenye afya. Masika yalikuwa katikati, na mtoto hakuwa ameharisha hata siku moja. Wankyo aliinama, akamgusa mguu. Kisha akawasha moto na kubandika uji.

Watoto walipokuwa wakinywa uji, aliuliza, "Yule jirani yako wa upande wa juu, kile chumba chake cha mwisho kinapangishwa?"

"Nadhani kinapangishwa. Lakini kabla ya kumwuliza yeye, waulize kwanza majirani zake."

"Majirani zake si nyinyi?"

"Ndiyo," alisema Dafroza. "Basi uliza."

Wankyo aliweka kikombe chini, akaketi sawasawa.

"Mvua ikinyesha, maji yanapita wapi?"

"Yanapita nyuma, kwenye mfereji. Yanakwenda zake."

Wankyo alitikisa kichwa kukubali. Hata hivyo aliinuka, akajitanda khanga yake, akatoka nje kwenye mvua kwenda kuuona mfereji mwenyewe.