Dumu la Maji ya Mvuke

Kila Jumatano baada ya masomo, Kidoti alipitia maabara ya mama yake mdogo. Alivua viatu mlangoni, akavaa ndara na koti jeupe lililomfika vifundoni. Kazi yake ilikuwa kusuuza chupa kwa maji ya mvuke, yaani maji yaliyochemshwa, kisha mvuke wake ukapozwa ukawa maji yasiyo na chumvi yoyote.

"Leo umekuja kutufagilia sakafu kwa hilo koti?" fundi wa maabara alimtania.

"Shikamoo, mjomba. Nitafagia na kwako."

Mama Mdogo alikuwa ameinamia mrija wa kioo uliojaa chembe nyeupe. Alikuwa mwanakemia, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akichunguza madini yaitwayo zeolaiti.

"Chembe hizi zina vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho," alimweleza Kidoti. "Ndani imekaa sodiamu. Maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, yakipita, kalsiamu inaingia, sodiamu inatoka. Maji yakifika chini yamelainika, sabuni inatoa povu."

"Kama wapangaji wanaopishana."

"Tena wapangaji wasiogombana," fundi alidakia.

Siku hiyo walipima chembe za aina mpya. Povu lisipotokea, Mama Mdogo angeandika kwamba zimeshindwa, na taarifa ilitakiwa kesho yake asubuhi.

Kidoti alisuuza chupa ya kwanza kwa mbwembwe, maji yakimwagika ovyo. Alipofika ya nne, dumu la maji ya mvuke lilikuwa tupu. Mashine ya kutengeneza maji hayo ilidondosha tone moja moja, na yeye hakutaka kuitwa mzembe. Akatazama huku na huku, akalijaza dumu bombani. Maji ni maji tu, alijiambia.

Mama Mdogo alichota maji ya dumu, akayeyushia sabuni, akaichanganya na maji yaliyotoka kwenye mrija. Akatikisa. Hakuna povu. Juu ulielea utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Akarudia. Utando uleule.

Alivua miwani, akaifuta taratibu. "Basi. Zimeshindwa." Akachukua kalamu.

Kidoti aliisogelea meza haraka.

"Mama Mdogo, usiandike. Dumu nililijaza mimi. Bombani."

"Bomba hili?" fundi aliuliza. "Maji yake ni magumu, yameliotesha birika letu gamba."

Mama Mdogo hakucheka wala hakufoka. "Kwa nini hukusema?"

"Maji ya mvuke niliyamwaga mengi. Niliogopa."

"Haya. Kaa hapo, tungoje mashine."

Wakangoja zaidi ya saa nzima, tone baada ya tone. Kidoti akasuuza kila chupa upya, kidogo kidogo. Sabuni ikayeyushwa upya. Mama Mdogo alipotikisa, povu lilipanda mpaka kwenye kizibo.

Kidoti alishusha pumzi. Mama Mdogo akamsogezea daftari na kalamu.

"Andika mwenyewe: jaribio la kwanza limeharibika, tulitumia maji ya bomba."

"Watu watasoma?"

"Watasoma, na ndiyo maana wataamini la pili." Akamshika bega. "Chupa iliyochafuka naweza kuisuuza, mwanangu. Ila kosa lililofichwa sijui liko wapi, nitalisuuzaje? Ukikosea, niambie mapema. Kuyajua makosa ndiyo nusu ya kazi yangu."

Kidoti akaandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka.