Simu ya Mpishi

Lifti ya hospitali kuu, saa ya kutazama wagonjwa, haina adabu. Watu wanaingia na vikapu, chupa za chai, mito na ugomvi wao wa nyumbani, na mlango ukishafungwa kila mtu anajua jirani yake amekula nini. Siku hiyo akaingia mwanamume mmoja mrefu, shati limekunjwa mikono, amekumbatia godoro zima. Alilisimamisha, akalisukuma. Nyuma ya godoro, gauni lake la kijani likikunjamana ukutani, alibanwa Bi Shukrani.

"Jamani, huku nyuma kuna mtu!"

"Wapi?"

"Nyuma ya godoro lako, kaka! Nakufa!"

"Usife, dada. Ndiyo kwanza tuko ghorofa ya pili."

Lifti nzima ilicheka. Naye Bi Shukrani alicheka, pua imezama kwenye kitambaa kipya, na aliposhuka alikuwa ameshapewa namba ya simu na ameahidiwa kulipiwa pasi.

Hilo jina la Bi Shukrani walimbandika kazini, na alikuwa amelitafuta mwenyewe. Shirika lao lilikuwa na nyumba nyuma ya hospitali, ambako kina mama waliotoka mbali na watoto waliolazwa walilala bure. Kabla yake wafadhili walikuwa wanachomoka mmoja mmoja, kimyakimya. Bi Shukrani alimwambia mkurugenzi bila kupepesa: "Bosi, hawa watu tunawakumbuka tukiwa na shida tu. Wewe ungempenda mtu wa hivyo?"

Akaigeuza nyumba nzima. Kuwajali wafadhili kukawa kazi ya kila mtu: dereva, mlinzi, mhasibu, mpishi. Kila mmoja alikuwa na wake wa kuwapigia simu, kushukuru tu, kuomba marufuku. Na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, walikaa jikoni wote, na mmoja wao akasimulia habari za mfadhili mmoja: ni mtu gani, ana nini moyoni, kwa nini anatoa. Mwanzoni walinuna. Mpishi alisema yeye aliajiriwa kupika, si kubembeleza watu kwenye simu. Lakini mzee mmoja mstaafu alipomlilia simuni kwa kuulizwa hali tu, mama wa watu hakushikika tena. Akawa anapiga huku anaosha mchele.

Na ilifanya kazi, tusiseme uongo. Wafadhili walirudi.

Yule wa godoro la kwenye lifti, fundi magodoro, naye akawa mfadhili. Alikuja kuiona nyumba, akabonyeza vitanda kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Haya si magodoro, haya ni chapati." Wiki iliyofuata akaleta mapya. Ikawa kawaida yake kuleta, na ikawa kawaida ya Bi Shukrani kupaka wanja siku hizo.

"Bwana Godoro, umeamkaje?"

"Nimeamka na sauti yako, malkia wa lifti. Hii ni simu ya kazi au ya kwako?"

"Ya kwangu. Ya kazi nitampa dereva akupigie."

"Dereva ana sauti nzuri lakini?"

"Nenda zako huko!"

Alikuwa anauliza hivyo kila mara, kwa utani, na kila mara Bi Shukrani alicheka. Hakuona kwamba mwenzake alikuwa anasubiri jibu kweli.

Jumapili moja, kwenye benchi la bustani, ndipo fundi alipomweleza. Alikuwa na dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, ndiye sasa aliyekuwa akimshonea mifuko ya magodoro. Miaka ya nyuma dada huyo alimuuguza mwanawe hospitali ile ile, akilala sakafuni kwenye ujia, kwenye saruji. Siku moja mchana uchovu ulimshinda akasinzia. Alipoamka, mtoto alikuwa ameshakata roho, peke yake.

"Hajamwambia mtu mwingine," fundi alisema. "Hata mumewe. Ni mimi tu, na sasa wewe. Nimekwambia kwa sababu mwezi ujao nataka nikupeleke kwake. Ukaonwe."

"Nikaonwe kama nani?"

"Kama godoro! Kama nani tena, mpenzi? Kama mke."

Bi Shukrani alilia kwa furaha na kwa yule mtoto, vyote kwa mpigo.

Sasa ngoja. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na zamu ya kusimulia ilikuwa yake. Alikuwa na habari za mama mwenye duka la dawa, ameziandaa vizuri tu. Lakini moyo ulikuwa umefurika, na alitaka wamwone yule mwanamume kama alivyomwona yeye. Akafungua mdomo. Akasimulia yote: ujia, saruji, usingizi, mtoto. Mlinzi alivua kofia. Mkurugenzi alisema hiyo ndiyo Jumatatu bora waliyowahi kuwa nayo, na Bi Shukrani, Mungu amsamehe, alijisikia fahari.

Katikati ya wiki alipita jikoni kuchukua maji. Mpishi alikuwa na mikono ndani ya sufuria, simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi, sauti imewekwa kubwa.

"Fundi wetu wa magodoro! Sina ninachoomba baba, nakushukuru tu."

"Ahsante, mama." Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inakimbia.

Bi Shukrani alitabasamu kwa kuisikia sauti ile. Akainua bilauri.

"Na umpe pole dada yako," mpishi aliendelea, kwa upole wake wote, kama alivyofundishwa. "Mwambie asijilaumu kwa kusinzia siku ile. Mtoto wake Mungu alimpenda. Sisi kina mama sote tunachoka."

Bilauri ilianguka. Bi Shukrani aliirukia simu, lakini kulikuwa na nini tena cha kuzuia? Cherehani ilikuwa imesimama.

"Dada yangu yuko hapa, mama," fundi alisema polepole. "Amekusikia." Simu ikakatika.

Mpishi aligeuka, mikono inachuruzika maji. "Mwanangu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea," Bi Shukrani alisema. "Umefanya kama nilivyokufundisha."

Alimpigia fundi siku nzima, hakupokea. Alimpigia kesho yake. Akafunga safari mpaka karakana, akaambiwa na jirani kwamba dada hatoki chumbani na fundi haonekani. Siku alizohesabu za kwenda kuonwa zilipita, gauni alilonunua likiwa bado na lebo.

Halafu asubuhi moja akaja mwenyewe, na gari la magodoro. Amekonda, hajanyoa ndevu. Alishusha, akapanga ukutani. Bi Shukrani alimsogelea mlangoni.

"Mpenzi, nipige, nitukane, sema chochote."

"Sina cha kukutukania."

"Nilisimulia kwa mapenzi. Naapa. Nilitaka wakujue."

"Najua." Alifuta jasho kwa kiwiko. "Ulisema kwa mapenzi, ndiyo maana sijui nikusamehe wapi. Ungesema kwa ubaya ningekasirika yakaisha. Mimi nilimwambia mwanamke wangu. Sikuliambia shirika."

"Nitaacha kazi."

"Itamfanya dada asahau alichosikia? Siku hizi ananiuliza nimewaambia kina nani wengine. Ameniuliza mimi, yeye aliyenibeba mgongoni! Nikuingize nyumba ile uwe wifi yake, kila akikutazama aone nini?"

Bi Shukrani aligeukia magodoro yaliyopangwa ukutani.

"Mifuko hii kaishona yeye," fundi alisema, akiligusa godoro la juu. "Kasema magodoro yasikome kuja, kina mama wasilale chini. Ila simu basi. Asipige dereva, asipige mpishi." Akaliachia godoro. "Wala wewe."

"Hata ya kwangu? Isiyo ya kazi?"

Alimtazama, macho yamejaa. "Sikuwahi kuzijua tofauti, malkia wa lifti." Akapanda gari.

Jumatatu wakakaa jikoni. Mpishi, ambaye tangu siku ile anapiga simu akinong'ona, aliuliza nani atamshukuru fundi magodoro.

"Huyo hapigiwi," Bi Shukrani alisema.

"Kwani ameacha kutoa?" mkurugenzi akashtuka.

"Hajaacha."

Alitoka kwenda kumpokea mgeni, mama kijana kutoka mbali, macho mekundu, khanga mabegani. Akamtandikia kitanda. Yule mama alikaa, akabonyeza godoro, akashangaa ulaini wake.

"Dada, amelitoa nani hili? Nimwombee dua."

Kila mfanyakazi wa nyumba ile alijua jibu la swali hilo. Bi Shukrani ndiye aliyewakaririsha. Alilainisha shuka pembeni, pale kwenye mshono wa dada yake fundi.

"Lala, mama," alisema. "Nitakaa na mtoto wodini mpaka uamke."