Siku ya Kumi na Tano Baada ya Usaili

Tambi za mzee Tu Chin-lai hukaushwa na jua. Kila asubuhi yeye na binti yake Pei-yu huzivuta mpaka ziwe nyembamba kama uzi, kisha huzianika uani kwenye fito. Mvua ikinyesha, kazi yote imepotea. Kwa hiyo watu wa nyumba hii wamezoea kutazama mawingu. Lakini wiki hizo mbili Pei-yu alikuwa anatazama simu tu.

Alikuwa amefanya usaili katika chuo kikuu kimoja cha Taichung, wa kusomea shahada ya uzamili. Alitaka kujifunza kuwasaidia waliopooza waweze kuongea tena. Bibi yake alipooza miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hajaweza kutamka hata jina la mjukuu wake. Mwisho wa usaili Profesa Kuo alimwambia, "Jibu utalipata ndani ya wiki mbili."

Siku ya nne Pei-yu alishindwa kuvumilia. Namba ya profesa alikuwa nayo tangu siku ya kutembelea idara. Akamwandikia ujumbe. Chini yake ikatokea alama: umesomwa. Jibu hakuna. Siku ya saba akaandika tena. Umesomwa. Jumapili akaandika mara ya tatu, akiomba radhi kwa usumbufu. Umesomwa. Kimya kile kilimkosesha raha hata ya kula.

Jumanne, siku ya kumi na tano, ikaja barua kutoka chuo kingine, cha Kaohsiung. Wamempa nafasi ya kusomea biashara. Athibitishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Na akishathibitisha, hakuna kurudi nyuma.

"Nikikubali, nakwenda kusoma nisichokitaka," Pei-yu alimwambia baba yake. "Nikikataa, halafu Taichung wakaninyima, nimekosa kote."

Mzee Tu aliendelea kufunga tambi, lakini mafundo yake siku hiyo yalikuwa ovyo.

Jumatano asubuhi hakuonekana. Mezani aliacha karatasi: "Nimekwenda Taichung kumwona profesa. Usiwe na wasiwasi. Nimebeba zile nzuri." Sanduku jekundu, la tambi anazowawekea watu wa harusi, halikuwapo rafuni.

Pei-yu alikuwa bado ameishika ile karatasi wakati Bi Liao alipoingia kununua tambi. Jirani huyu alikuwa karani wa idara chuoni kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu.

"Una nini wewe? Umekaa kama aliyefiwa," alisema.

Pei-yu akamweleza yote. Bi Liao akaweka kikapu chini.

"Mpigie baba yako. Sasa hivi."

Simu iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili, vivyo hivyo.

"Kwani ni vibaya sana, shangazi? Ni tambi tu."

"Kwako ni tambi. Kwa kamati ni zawadi ya mzazi wa mwombaji, na jibu halijatoka. Profesa itabidi airudishe na atoe taarifa. Jina lako litatajwa mkutanoni, na si kwa wema. Mwaka mmoja niliona kijana mzuri anawekwa kando kwa sababu ya kopo la chai."

Pei-yu akapiga mara ya tatu.

"Niko getini," baba yake alisema. "Kuna mlinzi hapa, ananiuliza namtaka nani."

Bi Liao akaichukua simu. "Chin-lai, umeshataja jina la mtu?"

"Bado."

"Na hilo sanduku?"

"Nimelikumbatia."

"Basi geuka. Mwambie mlinzi umepotea njia."

"Nije mpaka huku, halafu nirudi mikono mitupu?"

"Mitupu gani, na sanduku unalo?"

Sauti ya mzee ikashuka. "Mtoto wangu atakosa. Sikuona jingine la kumfanyia."

"Najua. Rudi. La kufanya lipo."

Alipokata simu, akamgeukia Pei-yu. "Haya, wewe. Uliandika shukrani baada ya usaili?"

"Hapana. Niliuliza tu."

"Hapo uliteleza. Kesho yake unashukuru, mistari mitatu, basi. Kisha unatulia mpaka siku walizokuahidi ziishe. Ndani ya siku hizo profesa hana ruhusa ya kukuambia kitu. Akikujibu wewe, na wenzako je? Ndiyo maana anasoma na kuacha."

"Na zikiisha?"

"Zikiisha, una haki ya kuuliza. Kwa kawaida ningesema uwape kama wiki moja zaidi, maana mikutano huchelewa. Lakini wewe una Ijumaa. Chuo kingine kikikupa nafasi yenye tarehe ya mwisho, hungoji. Unaandika siku ileile, kwa ofisi ya idara, saa za kazi, mara moja. Simu ya profesa iache."

Pei-yu akaanza kuandika barua pepe. Bi Liao akasoma begani kwake.

"'Maisha yangu yote yako mikononi mwenu.' Futa. Karani ana barua themanini asubuhi hii. Anataka jina, namba na swali."

Ikabaki hivi: "Mimi ni Tu Pei-yu, mwombaji namba 37. Nilifanya usaili tarehe 4 Machi. Nimepata nafasi chuo kingine, na natakiwa kuthibitisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Naomba kujua kama jibu litatoka kabla ya hapo. Asanteni kwa usaili."

Siku nzima hakuna kitu. Jioni Pei-yu alitaka kuandika tena. Bi Liao, aliyerudi kuangalia mambo, akaitia simu mfukoni mwake.

"Mara moja ni mara moja," alisema.

Alhamisi saa tisa alasiri, ofisi ikajibu: "Mkutano ulichelewa. Orodha ya waliochaguliwa itatoka kesho saa tatu asubuhi." Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana. Lakini sasa alikuwa na saa tatu za kuamua, badala ya kubahatisha.

Ijumaa walikaa mezani wote, na bibi kwenye kiti chake. Pei-yu alifungua orodha. Thelathini na moja. Thelathini na nne. Thelathini na saba.

Mzee Tu akatoka uani, akasimama kati ya tambi zake akijifuta macho kwa aproni.

Pei-yu aliwaandikia Kaohsiung asubuhi ileile, akashukuru na kuachia nafasi, ili aipate mwingine. Kisha akamwandikia Profesa Kuo mistari mitatu. Umesomwa. Safari hii jibu likaingia. "Karibu. Nisamehe, sikuweza kukujibu mapema."

Mchana mzee Tu alimpelekea Bi Liao sanduku jekundu. "Na wewe utaandika taarifa?"

"Mimi nimestaafu," alisema Bi Liao. "Lete."

Tambi zilipikwa siku hiyohiyo, wakala wote pamoja. Pei-yu alimlisha bibi yake polepole, akimfuta kidevu.

"Nikisharudi kutoka masomoni, bibi," alimwambia, "tutaanza na jina langu."