Siri Iliyosomwa Kaunta

Kila alipotoka shule, Sindano alipitia dukani kwa shangazi yake. Lilikuwa duka la kompyuta za kukodi: safu ya mashine ukutani, feni yenye kelele, na kaunta ambako binamu yake, Chiriku, aliyesoma naye shule moja, alikaa kuangalia mtandao wa duka. Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu ambayo kila aliyemsikia kwa dakika moja aliielewa. Hata hivyo, wawili hao walikuwa chanda na pete.

Siku hiyo Sindano aliingia macho mekundu, akamvuta shangazi yake stoo.

"Shangazi, darasani hakuna anayetaka kukaa na mimi. Wanasema mama ana kifafa, eti nitawaambukiza!"

"Kifafa hakiambukizi hata kidogo. Nani kawaambia?"

"Sijui! Mama alinikataza kusema, na sijasema. Juzi tu nilisoma habari za ugonjwa huo hapa, mashine ya pembeni, nijue nimsaidieje akianguka."

Shangazi akamweleza. Kabla ya kufungua tovuti, kompyuta huuliza kwanza anwani yake, kama mgeni anayeuliza nyumba ya fulani iko wapi. Dukani maswali hayo yalipita wazi, na yeyote aliyesogea kaunta aliweza kusoma jina la kila tovuti iliyoulizwa.

"Kosa ni langu," alisema. "Leo nitayasimba maswali hayo, yaani nitayafunga asiyehusika asiweze kuyasoma."

Chiriku aliposikia habari hiyo alikuja juu. "Mama, usifanye hivyo! Kurasa zitakuwa nzito, wateja watatukimbia!"

"Basi tupime," alijibu mama yake.

Aliweka usimbaji kwenye mashine moja, nyingine akaiacha kama ilivyokuwa. Walifungua tovuti ileile kwa pamoja. Mashine yenye usimbaji ilijikongoja kidogo.

"Si nilisema!"

"Ngoja, mwanangu. Mara ya kwanza mashine na seva ya anwani, yaani kompyuta inayojibu maswali hayo, zinakubaliana namna ya kufunga maneno yao. Zikishaelewana, hazirudii kila mara."

Alifungua tovuti nyingine, na nyingine tena. Sindano alikodoa macho, lakini hakuona tofauti. Ukurasa uliojaa picha kubwa ulichelewa kwenye mashine zote mbili.

Chiriku hakukubali kushindwa. "Lakini mwanzo ilikuwa upesi zaidi! Hata juzi Sindano alipofungua ile tovuti ya kifafa pale pembeni, ilikuja mara moja."

Ulimi hauna mfupa. Sindano alimgeukia polepole.

"Umejuaje nilifungua nini?"

Chiriku, mwenye maneno kuliko redio, alishika kipanya akajifanya anafunga ukurasa. Sindano alirudi nyuma hatua moja. Huyu ndiye aliyemfuta machozi asubuhi ile wakati wa mapumziko, akaapa kumsaidia kumsaka mbea. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

"Nilikisia ni mama yako, nikamwambia rafiki yangu mmoja tu," Chiriku alisema akitazama sakafu. "Nilidhani hatasema."

"Na mimi nilidhani wewe ni dada yangu!"

Jioni hiyo shangazi alimtoa binti yake kaunta na kuweka usimbaji kwenye mashine zote. Kesho yake, kwa ruhusa ya mama yake Sindano, alikwenda nao shuleni. Chiriku alisimama mbele ya darasa, akakiri kwamba alichungulia mambo ya mtu na kuyatangaza. Shangazi akawaeleza wanafunzi ukweli kuhusu kifafa. Kabla hajamaliza, msichana mmoja alibeba begi lake akarudi kukaa na Sindano.

Nje ya darasa, Chiriku aliomba msamaha huku akilia.

"Nimekusamehe," Sindano alisema. "Lakini usiniulize siri yoyote kwa sasa."

Chiriku alimtazama mama yake, akitumaini atetewe.

"Ana haki," shangazi alisema. "Siri ya mtu ni amana, hata kama umeiona bila kupewa. Ukurasa ukichelewa, mteja husubiri kidogo, nao hufunguka. Imani uliyoivunja, mwanangu, utaisubiri wewe, na haraka zako hazitakusaidia."